Ya Kubebwa na Mtu Mmoja

Mimi na mume wangu hatujawahi kushikana mikono barabarani. Sisi si watu wa hivyo. Tulichoshika miaka yote ni amplifaya, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mtu aliyetaka kujua kama tumegombana alitazama tu tunavyoiweka chini.

Mume wangu ni Abdulmajid, ila mjini wanamwita Mzee Majidi, mpiga gitaa la solo. Mimi ni Mboni, na yeye ananiita Mama Nasreen kwa sababu ya binti yetu mmoja, ambaye ameolewa Tanga na ana watoto wake. Kwa hiyo nyumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, tumebaki wawili. Watatu, ukihesabu amplifaya.

Na lazima uihesabu, maana inachukua nafasi kuliko mgeni. Ni sanduku la mbao lenye spika mbili ndani na mitambo ya zamani juu, zito ajabu. Iliponunuliwa ilikuwa na mpini mmoja tu, wa kubebwa na mtu mwenye nguvu nyingi na akili kidogo. Majidi akaipeleka kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, ikatiwa mipini miwili ya chuma, mmoja kila upande. Wa upande wangu ukashushwa chini kidogo kwa sababu mimi ni mfupi, ili tukinyanyua sanduku likae sawa. Fundi alisema itakuwa mbaya kuitazama. Majidi akamwambia haiendi kutazamwa, inaenda kubebwa.

Mimi nikaifunika kanga, vumbi lisiingie. Siku ya kwanza tulipoingia nayo ukumbini hivyo, wawili, taratibu, na kitu kimefunikwa gubigubi katikati yetu, wenzake wa bendi waliacha kufunga nyaya wakapiga vigelegele. Toka siku hiyo amplifaya ikaitwa Bi Harusi. "Bi Harusi kafika?" ndiyo salamu tuliyoizoea, hata kabla ya kuulizwa habari za nyumbani.

Tukishamweka Bi Harusi mahali pake, sikai na wake wa wanamuziki kule nyuma wanakokula chipsi na kusengenyana. Navuta stuli nakaa kando yake. Majidi akiwa kwenye gitaa mikono yote ina kazi, kwa hiyo akitaka sauti ipande ananyanyua nyusi, akitaka ishuke anakunja uso, na mimi ndiye ninayezungusha. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilianza kwa sababu nilichoka kumwona akirukia amplifaya katikati ya wimbo kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Baadaye nikawa najua anachotaka kabla nyusi hazijapanda, na siku nikikosea, ananitazama tu na mimi najua nimekosea wapi. Wapo waume na wake wanaozungumza sana. Sisi tunazungumza hivyo.

Siku hizi bendi imebaki ndogo, na onyesho letu la uhakika ni bonanza la Jumapili ng'ambo kule Kigamboni, kuanzia alasiri mpaka magharibi. Kwenda huko ni kuvuka na pantoni pale Magogoni. Aliyewahi kusubiri pantoni Jumapili anajua geti likifunguliwa kinachotokea. Watu wanakimbia kana kwamba ng'ambo kunagawiwa viwanja. Ukiwa na Bi Harusi mkononi kukimbia huwezi, na kusimama hawakuachi.

Sasa kuna jambo sikumwambia mtu. Tangu mvua za masika, bega langu la kulia lilikuwa linauma, na la kulia ndilo la kubebea. Kwanza liliuma baada ya kubeba, halafu likawa linauma wakati wa kubeba, mwishowe likawa linauma nikifunga tu kilemba. Nilinyamaza kwa sababu ninamjua Majidi na ninaijua dunia. Ningesema, ningeambiwa nipumzike wiki hii. Wiki ya pili ningeambiwa vijana wa bendi wameshazoea, wacha wabebe. Na mtu akishaanza kupumzishwa, harudishwi. Ningebaki dirishani Jumapili nasikiliza redio za majirani, wakati mume wangu yuko ng'ambo ananyanyua nyusi kwa stuli isiyo na mtu.

Basi nikawa nabana meno nabeba.

Halafu yeye akaanza kulalamika mgongo. Akirudi kutoka msikitini anashika kiuno. Akiinuka kitini anasema "yalaa". Kila jioni nikawa namlaza kifudifudi namsugua mafuta ya karafuu, kwa mkono wa kushoto, na yeye anaguna nikimgusa. Mara nyingine aliguna kabla sijamgusa, nami nikadhani maumivu yamezidi. Nilimhurumia kwa dhati. Wiki moja akaniambia, uso ukiwa kwenye mto, "Mama Nasreen, tutafute amplifaya nyepesi. Hii itanimaliza."

Nikasema haya. Ningesema nini? Mgongo ni mgongo.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa Heriel, Mtaa wa Aggrey. Heriel ni Mchaga anayeuza vyombo vya muziki, makinanda ya kanisani, spika za wahubiri, maikrofoni za washereheshaji, na anauza kwa upole mpaka ukitoka pale unamshukuru wewe uliyetoa hela. Majidi alikuwa amebeba gitaa lake mgongoni, na hilo pia lingenifikirisha kama ningekuwa na akili zangu zote asubuhi ile, maana mtu wa mgongo habebi kitu mgongoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," akasema Heriel, akitufutia viti kwa tambara.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, karibuni sana. Leo nimeshusha mzigo mpya."

Majidi akaketi, akajiweka sawa, akasema, "Natafuta amplifaya ya gitaa. Nyepesi, mgongo unanisumbua. Iwe ya kubebwa na mtu mmoja."

Aliisema taratibu, kama mtu aliyeifanyia mazoezi njiani. Ya kubebwa na mtu mmoja. Mimi nilikuwa nafungua chupa ya maji, nikaacha kuifungua. Nyepesi nilikuwa nimeikubali. Nyepesi hata ya watu wawili ipo. Lakini mtu mmoja ni mmoja, na wa pili anakwenda wapi hakuna aliyesema.

"Hapo umefika, mzee wangu," Heriel akasema. "Siku hizi nani anahangaika na masanduku? Zama hizo zimepita."

Moyo uliniuma kuliko bega. Nikasogeza kiti changu nyuma kidogo, nikawaacha wanaume wachague.

Ya kwanza aliyoileta ilikuwa ndogo, unaitia kwenye kikapu cha sokoni pamoja na nyanya. "Hii ina betri," Heriel akasema. "Bongo hii unaijua, umeme ukikatika wenzako wananyamaza, wewe unaendelea." Majidi akachomeka waya, akapiga. Sauti ikatoka ya puani.

"Ngoma zikianza itasikika?" akaniuliza mimi, kwa mazoea.

"Polycarp akianza kupiga ngoma, hii tutaitafuta kwa tochi," nikasema.

Heriel akacheka. Akakiri kwamba ile ni ya mazoezi ya chumbani, au kwa mtu anayepiga peke yake hotelini watu wakila. Kwa bendi yenye ngoma na besi, mzee asijidanganye. Akairudisha kwenye rafu akaleta ya pili, nyeusi, nyembamba, yenye taa za bluu.

"Sasa hiki ni chuma," akasema. "Humu ndani kuna sauti za amplifaya zote unazozijua. Unaongoza kwa simu. Na kuna pedali hii, unakanyaga tu kwa mguu, sauti inapanda, unakanyaga tena, inashuka. Humhitaji mtu, mzee. Mama hata asisumbuke, anakaa zake nyumbani anaangalia tamthilia."

Alikuwa na nia njema kabisa, na ndiyo maana nilitamani kumpiga na chupa.

"Nani kakwambia naangalia tamthilia?" nikamuuliza. Naangalia, lakini hilo si lake.

"Samahani mama, nilikuwa natania."

Majidi akapiga. Ilikuwa na sauti nzuri, nasema kweli, maana sikio langu haliwezi kudanganya hata mimi nikitaka. Nikasubiri aseme ndiyo. Yeye akaizunguka ile amplifaya, akaipapasa juu, akaipapasa nyuma.

"Vile vya kuzungusha viko wapi?"

"Viko kwenye simu, mzee."

"Na mtu aliyekaa pembeni azungushe nini?"

"Mtu gani wa pembeni?" Heriel akauliza.

Majidi akakohoa. "Irudishe. Nioneshe nyingine."

Nikajua ni kwa sababu ya miwani. Majidi bila miwani simu haioni, na miwani jukwaani havai, anajiona bado kijana. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, nikiwa nimeshajifungia ndani ya hasira yangu na ufunguo nimeumeza.

Ya tatu Heriel aliitoa kwenye boksi mbele yetu. Hii ilikuwa amplifaya kweli, ya mbao, ila mbao zake nyembamba na spika ni moja. Akatueleza kwamba uzito wa zile za zamani ulikuwa kwenye sumaku ya spika na kwenye mitambo, na siku hizi wanatengeneza sumaku ndogo inayofanya kazi ileile. Nyuma ilikuwa na tundu la kupeleka sauti kwenye spika kubwa za ukumbi, kwa hiyo mahali pakiwa pakubwa huna haja ya kushindana na Polycarp. Akainyanyua kwa mkono mmoja huku anaongea, akaiweka chini, akainyanyua tena. Juu yake, vimepangwa mstari, vilikuwepo vile vya kuzungusha, vikubwa, vyenye alama nyeupe.

Majidi akavuta stuli ya dukani, akaiweka kando ya amplifaya. "Mama Nasreen, njoo ukae hapa."

"Nimeshakaa."

"Njoo."

Nikaenda. Akachomeka waya, akapiga kile kipande anachokipiga kila Jumapili katikati ya onyesho, pale besi inaponyamaza na watu wanaacha kula. Sauti ilikuwa ya mviringo, imeshiba, inafika kifuani. Akanyanyua nyusi. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukazungusha, sauti ikapanda pale pale ilipotakiwa kupanda, na Heriel akasema "Aisee!" kule nyuma ya kaunta.

Nikautoa mkono haraka, nikainuka nikarudi nyuma. Nilijiona mjinga. Niliona ananiaga, ananipa kipande cha mwisho kama mtoto anavyopewa pipi kabla mzazi hajasafiri.

"Haifai," nikasema.

"Haifai wapi?"

"Nyembamba. Haina kifua."

Majidi alinitazama kwa mshangao. "Mama Nasreen, hii ina kifua kuliko Polycarp."

"Kama umeshaamua uliniita ya nini? Chukua. Si ya mtu mmoja? Mtu mmoja aichague."

Heriel, maskini, akaona biashara inaponyoka akakimbilia kutusaidia. Akatoa kwenye boksi mkanda mpana wenye sponji. "Mama, usiikatae bila kuijaribu. Ona, ina na mkanda wake. Hata wewe unaiweza, unaivaa hivi begani, mikono yote huru..." Na kabla sijasema lolote akauinua mkanda na amplifaya yake anivalishe bega la kulia.

"Si bega hilo!"

Ni Majidi aliyepiga kelele. Aliinuka kitini kwa kasi ambayo sijaiona tangu Nasreen alipokuwa mtoto akikaribia jiko, akaudaka ule mkanda hewani. "Bega hilo usiliguse, linauma!"

Heriel akabaki ameduwaa na amplifaya mikononi. "Pole sana. Mimi nilielewa ni mgongo wa mzee."

"Na mimi nilielewa hivyo," nikasema.

Bega langu sikuwa nimemwambia mtu, wala Nasreen kwenye simu. Nikamtazama mume wangu, amesimama wima, mkanda mkononi na gitaa shingoni, amejinyoosha kama mlingoti. Nikanyoosha kidole gumba nikambonyeza kiunoni, pale pale ninapompaka mafuta kila jioni. Nikambonyeza kwa nguvu.

Hakuguna. Alikuwa amesahau.

Halafu akakumbuka. "Yalaa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Umechelewa," nikamwambia.

Heriel akaiweka amplifaya chini polepole, akasema "nakuja," kama wanavyosema watu wa mjini wakiwa wanaondoka, akatoka nje akasimama kibarazani, ametupa mgongo.

"Umejuaje?" nikamuuliza Majidi.

"Bi Harusi. Alianza kuinama upande wako."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Tangu masika. Wakati uleule, kumbe. Mimi nabana meno upande huu, na yeye upande wa pili anasikia kila kitu kupitia sanduku.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungebisha. Ungeanza kubeba na ndoo za maji kunionyesha kwamba u mzima."

Hilo nisingeweza kulikana, kwa hiyo nililiruka. "Kwa hiyo ukajitia mgongo."

"Mgongo ndio rahisi. Hakuna anayeuona."

"Na mafuta yangu yote yale ya karafuu! Kila jioni nakusugua mtu mzima na afya yako!"

"Hayo usiache," akasema. "Yale nilikuwa nayapenda kweli."

Nilitaka kucheka na sikutaka kumpa hiyo raha. Nikakaa chini, juu ya spika ya wahubiri, maana stuli ilikuwa mbali, nikasema lile lililokuwa limenikaba tangu tuingie. Nikalisema lote, bila kulipamba.

"Umesema ya mtu mmoja. Mimi unaniacha nyumbani."

Majidi alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. "Nikuache nyumbani, nani azungushe?"

"Kuna simu. Kuna pedali."

"Ile nimeikataa."

"Umeikataa kwa sababu huna miwani."

"Mboni," akasema.

Jina langu Majidi halitumii ovyo. Alilitumia siku ya ndoa yetu, na siku nilipojifungua, na siku alipofariki mama yangu. Kwingine kote mimi ni Mama Nasreen. Akavuta ile stuli akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Mboni, mimi nimezunguka Kariakoo wiki nzima. Nilikwambia naenda kucheza bao, nilikuwa madukani. Zinazopigwa vizuri zote nimezisikia. Nyingine vya kuzungushia viko nyuma, mpaka mtu ainame. Nyingine vidogo, mtu mwenye macho ya umri wetu havioni. Nikasema moyoni nitamleta mwenyewe, akae kando yake, kama mkono wake hauifikii sinunui. Ya kubebwa na mtu mmoja, mtu mwenyewe ni mimi. Mimi nibebe. Wewe utembee. Basi. Kuna ubaya gani wewe ukitembea?"

Nililia. Nililia dukani mchana kweupe, watu wa Aggrey wanapita na mizigo yao kichwani wanatazama ndani. Nililia kwa aibu kidogo na kwa furaha nyingi, na kwa sababu bega lilikuwa linauma na sasa naweza kusema kwamba linauma. Majidi akanipa kitambaa anachofutia nyuzi za gitaa, kinanuka mafuta ya mashine, nikafuta uso nacho.

"Kifua inacho," nikamwambia nilipoweza kusema.

"Najua kama inacho."

Heriel alipochungulia tulikuwa tumeshaanza kubishana kama iwekwe kulia au kushoto kwa jukwaa, akajua biashara imerudi. Bei tulielewana bila kelele. Aliuliza kuhusu ule mkanda, auache au autoe. Tukasema kwa pamoja autoe.

Jumapili mchana tukamwacha Bi Harusi chumbani amefunikwa kanga yake. Nilimpangusa vumbi kwanza. Majidi akasema atakuwa anafanyia mazoezi hapo hapo nyumbani, kwa hiyo nisimwonee huruma, amestaafu kwa heshima.

Kutoka nyumbani mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi hatukujua namna ya kutembea. Majidi alikuwa kulia kwangu, kama siku zote, amplifaya mpya mkono wa kulia, gitaa mgongoni. Kati yetu palibaki nafasi ya upana wa Bi Harusi, tupu, na hakuna aliyeisogelea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunja vidole wenyewe, unatafuta mpini. Nikaupachika kwenye pochi. Nikautoa. Majidi naye wa kushoto alikuwa anaubadilisha mahali kila baada ya muda, mara mfukoni, mara kwenye kofia, kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Unatembeaje?" akaniuliza.

"Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

"Hata mimi."

Tukapanda mwendokasi, tukashuka Kivukoni. Upepo wa bandarini ulikuwa unaleta harufu ya samaki wa Feri, na pale Magogoni watu walikuwa wameshajaa mpaka nje, wenye baiskeli, wenye matenga, familia zinazokwenda ufukweni na maboya ya watoto. Tukaingia, tukasubiri tumebanana. Geti lilipofunguliwa watu wote wakaondoka kwa mkupuo, na mimi nikasukumwa upande, nikamwona Majidi anapelekwa mbele na umati, anageuza shingo ananitafuta. Akanyoosha mkono wake ule mtupu katikati ya watu, akanishika wa kwangu, akavuta.

"We baba! Huo unauma!"

Nilipiga kelele hiyo mbele ya Dar es Salaam nzima. Watu waligeuka. Majidi akaniachia palepale, kama aliyeshika pasi ya moto, na uso wake ukaanguka. Akasimama. Watu wakawa wanatupita kulia na kushoto, wanatusonya, na sisi tumesimama katikati ya njia, nafasi ya Bi Harusi imerudi kati yetu.

Ningeweza kusema twende tu. Ndivyo nilivyozoea, kubana meno na kwenda. Ningetembea nyuma yake na tungevuka salama.

"Njoo upande huu," nikamwambia.

Hakunielewa.

"Upande huu. Wa kushoto hauumi."

Majidi akanizunguka. Miaka yote amekuwa kulia kwangu, na kuzunguka kule kulikuwa kwa hatua chache tu, lakini alizipiga kwa uangalifu kama anavuka mfereji. Akahamishia amplifaya mkono wa kushoto. Akanishika kwa wa kulia. Mkono wa kulia wa mpiga gitaa ni laini, ugumu wote wa nyuzi uko kwenye vidole vya kushoto, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo. Ulikuwa na joto na jasho kidogo. Tukaenda hivyo, polepole, wala hatukukimbia.

Getini alikuwepo Jovitha, dada anayekagua tiketi, ambaye kila Jumapili ndiye anayetufungulia upande wa mizigo. Alituona akatazama nyuma yetu, akatazama chini, akaweka mikono kiunoni.

"Mzee Majidi! Leo Bi Harusi mmemwacha wapi?"

Majidi akatazama amplifaya ndogo mkononi mwake. Halafu akainua ule mkono mwingine, na wangu ndani yake, juu, watu wote waone.

"Si huyu hapa," akasema.

Jovitha akapiga kigelegele. Mwanamke mwingine asiyetujua, amebeba tenga la ndizi, akakipokea, na kikaenda mpaka ndani ya pantoni. Nilihisi uso unawaka moto. Mimi ni bibi wa watu, nina wajukuu Tanga, sikuzoea mambo hayo.

"Twende, geti linafungwa," nikamwambia, na mkono sikuutoa.